Ada ya mbwa iwe ya sindano, na kamba iwekewe kipimo

Mhariri,

Assalamu alaykum. Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala wa mbwa ambao umepamba moto mabarazani, Unguja na Pemba. Wapo wanaotaka kila anayefuga mbwa akate kibali na alipe ada kila mwaka, kwa kila kichwa. Wapo pia, hasa watetezi wa wanyama, wanaotaka kumfunga mbwa kwa kamba au mnyororo kuwe kosa la kutozwa faini. Wote wana nia njema. Lakini mapendekezo haya yakipitishwa kama yanavyosemwa, la kwanza litawafanya watu wawakane mbwa wao, na la pili litawaachia mbwa njiani. Yote mawili yatakifungulia mlango kichaa cha mbwa.

Nianze na ada.

Pemba imeshakiondoa kichaa cha mbwa mara mbili. Mbwa wa kisiwa kizima walichanjwa mwaka hadi mwaka, na kufikia Mei 2014 ugonjwa ulikuwa umekwisha. Kisha uchanjaji ukalegea. Mwishoni mwa 2016 kirusi kikaingizwa tena kutoka nje ya kisiwa, tena mara mbili, kikaanza kuzunguka upya. Kilitokomea Oktoba 2018, baada ya mbwa wa kisiwa kizima kuchanjwa tena. Haya yamethibitishwa na watafiti waliofuatilia watu walioumwa, nyumba kwa nyumba, na kusoma vinasaba vya virusi vilivyopatikana. Chanjo ya binadamu humwokoa aliyeumwa, na lazima ipatikane, lakini haizuii mbwa kumwambukiza mbwa mwenzake. Kinachokata mnyororo wa ugonjwa ni sindano ya mbwa.

Shirika la Afya Duniani linataka mbwa 70 katika kila 100 wachanjwe kwenye kila kampeni. Watu huuliza kwa nini 70, isiwe 40. Kichaa hakienei kwa kasi ya surua. Mbwa mmoja mgonjwa kwa wastani huwaambukiza mbwa mmoja au wawili tu. Lau mbwa wangekuwa wale wale mwaka mzima, hata chini ya nusu wenye kinga wangetosha. Lakini mbwa wa mashamba hafiki uzee. Huumwa na nyoka, hugongwa na gari, hutiliwa sumu, na nafasi yake hushikwa na mtoto asiyeijua sindano. Chukua mfano wa shehia yenye mbwa 100. Umewachanja 70 mwezi wa sita. Mwaka unapozunguka, tuseme mbwa 30 kati ya wale 100 wamekufa, 21 wakiwa katika waliochanjwa, na wamezaliwa wengine 30. Wenye kinga ni 49, na ukuta bado umesimama. Anza na 40 kwa hesabu ile ile, utamaliza mwaka na 28. Hapo akishuka mbwa mmoja mgonjwa kwenye dau, ugonjwa unapata njia ya kupita.

Sasa weka ada juu ya hesabu hiyo. Mkulima wa Kiuyu au Mtambile ana mbwa wawili wanaolinda muhogo usiharibiwe na tumbili mchana na nguruwe usiku. Hakuwanunua, alipewa na jirani wakiwa wadogo. Wanakula ukoko wa wali na vichwa vya samaki. Akiambiwa alipe kwa kila kichwa, jibu lake ni fupi: "Huyu si wangu, anapita tu." Na hakuna wa kumpinga, kwa sababu mbwa wa konde hana hati wala nyumba yenye namba. Ubaya ni kwamba mbwa aliyekanwa hana wa kumshika siku ya chanjo. Mchanjaji hawezi kumkimbiza mbwa kwenye migomba. Anayeweza kumshika ni yule anayempa chakula, na ada imeshamfanya mtu huyo aseme hamjui.

Waliotutangulia katika hili nao yamewafika. Uingereza ilikuwa na leseni ya mbwa kwa zaidi ya miaka 100. Ilipofutwa mwaka 1987 ada ilikuwa peni 37 tu, na hata kwa bei hiyo takriban nusu ya wenye mbwa walikuwa hawaikati. Ireland ya Kaskazini imeendelea nayo kwa namna tofauti: ada ya kawaida ni pauni 12.50 kwa mwaka, na aliyemhasi mbwa wake hulipa pauni 5. Huo wa pili ndio mfano wa kuangalia, kwa sababu ada pale inamsukuma mtu afanye jambo lenye faida kwa mtaa mzima.

Pendekezo langu ni kwamba kibali kitolewe kwenye chanjo, mahali pale pale na dakika ile ile. Asiyemchanja mbwa wake hana kibali. Aliyemchanja anacho, basi. Kwa mbwa wa konde, wa mifugo na wa wasasi sindano iwe bure. Nyumba za kuta, hoteli za ukanda wa Nungwi, Paje na Jambiani, na kampuni za ulinzi zilipe, na ziwe na punguzo kubwa kwa mbwa aliyehasiwa. Huko ndiko majike wasiohasiwa wanapozaa na mwenye mbwa anapoondoka akawaacha. Jike hupata joto kila baada ya miezi sita hadi saba, hubeba mimba kwa siku kama 63, na akiachwa hivyo hivyo watoto wake ndio mbwa koko wa mwakani kwenye jaa la taka.

Wanaodhani kibali kikatwe ofisini kwa wakati wa kila mtu hawajaitazama chupa ya chanjo. Kichupa cha kawaida kina mililita 10, yaani dozi 10, mililita 1 kwa kila mbwa, mkubwa kwa mdogo. Kikishatobolewa kifuniko, kitumike siku ile ile. Akija mtu mmoja Jumatatu na mbwa mmoja, ama dozi tisa zitamwagwa, ama ataambiwa arudi wakitimia kumi, na hatarudi. Kwa hiyo siku ya shehia ni lazima: sheha atangaze wiki moja kabla, msikitini na skuli, kazi ianze saa 1 asubuhi na iishe saa 5 kabla jua halijakaza. Chanjo ikae kwenye nyuzijoto 2 hadi 8, ndani ya sanduku la barafu, lakini kichupa kisigusane na barafu yenyewe, maana chanjo hii ikiganda imekufa. Watoto wa mbwa walio chini ya miezi mitatu nao wachomwe. Watu wengi huwaacha nyumbani wakidhani ni wadogo mno, na ndio hao watakaokuwa mbwa wasio na kinga mwezi wa tisa.

Kuhusu alama, nashauri kibati cha alumini chenye namba, na rangi inayobadilika kila mwaka ili mtu aione kwa mbali bila kumkaribia mbwa. Chuma cha kawaida hapa kwetu huliwa na chumvi kabla mwaka haujaisha. Kadi ya karatasi apewe mwenye mbwa, lakini tusiitegemee. Mchwa na mvua haviiachi. Kumbukumbu ya kweli iwe daftari la sheha: namba ya kibati, jina la mwenye mbwa, dume au jike, rangi na alama, umri wa kukisia, tarehe ya sindano. Kibati kitolewe pamoja na ukanda wa shingoni, kwa sababu mbwa wengi wa mashamba hawana, na kibati kisicho na pa kuning'inia huishia mfukoni. Vidude vya kielektroniki vya kuweka chini ya ngozi vinafaa pale penye mashine ya kuvisomea, shehiani haipo.

Sasa nije kwenye kamba, ambako naona pande zote mbili zinazungumza bila kusikilizana.

Wanaotaka marufuku wana sababu, na anayewabeza hajamwinamia mbwa akamtazama shingo. Kamba ya manila iliyofungwa shingoni mwa mtoto wa miezi mitatu haikui naye. Kufikia mwezi wa sita imeshaanza kuzama. Manyoya huifunika, mwenye mbwa haioni, na harufu ndiyo inayotangulia. Kisha nzi, kisha mabuu. Ukitenganisha manyoya unakuta kamba imo ndani ya nyama, imezungukwa na usaha, na mbwa hawezi kumeza vizuri. Huyo hatibiwi kwa kukata kamba kwa kisu pale pale uani, maana damu hutoka nyingi na maumivu yatamfanya amng'ate hata anayempenda. Anahitaji dawa ya usingizi, kusafishwa na siku nyingi za dawa. Na wapo wanaofunga kwa waya wa umeme au waya wa uzio, ambao haupitishi hata miezi mitatu kufikia hapo. Mateso haya yapo visiwani kwetu, hayakuletwa na wageni wala hayajatungwa.

Hata hivyo, marufuku tupu imezaliwa kwenye nchi zenye uwa na uzio. Tazama sheria zenyewe. California tangu 2007 inakataza mbwa kufungwa kwenye kitu kisichosogea kwa zaidi ya saa tatu kwa siku, lakini inaruhusu waya wa kutelezea, yaani waya uliokazwa juu ambao kamba ya mbwa huteleza juu yake. Texas, kwa sheria iliyoanza Januari 2022, imekataza mnyororo, ikataka kamba isipungue futi 10, yaani mita 3 hivi, au mara tano ya urefu wa mbwa, ipi iliyo ndefu zaidi, pamoja na kivuli na maji safi. Hizo ndizo zinazotajwa kama mfano wa marufuku. Hakuna hata moja inayosema mbwa aachiwe azurure. Zinachukulia kwamba akifunguliwa, atabaki ndani ya ukuta.

Kwetu akifunguliwa anabaki wapi? Nyumba za vijijini hazina uzio. Konde hili linapakana na lile kwa mstari wa mananasi au wa miti. Mlango wa jirani uko hatua ishirini, na mbele yake pana mkeka wa mpunga au karafuu zilizoanikwa. Dini yetu imeruhusu mbwa wa kuwindia, wa mifugo na wa kulinda mazao. Na katika madhehebu ya Imamu Shafi, yanayofuatwa na wengi hapa, mate ya mbwa ni najisi inayotaka kuoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Kwa hiyo mtu anayemfunga mbwa wake mara nyingi anatimiza haki ya jirani: asipite penye ndoo ya udhu, asilale kwenye mkeka wa watu, asimguse mtoto aliyevaa kanzu ya chuoni. Ukimwambia mtu huyu kamba ni kosa, umemweka baina ya sheria na ujirani, na anayelipa ni mbwa. Akiua kuku watatu au mwana-mbuzi mmoja, kesho yake patakuwa na dagaa lenye sumu ya panya njiani, na sumu hiyo humwua paka na kuku pia. Kisha watasikika wanaotaka bunduki. Kuua mbwa ovyo hakujaondoa kichaa popote, kwa sababu anayepigwa ni yeyote aliyeonekana, hata mwenye kinga, na nafasi yake hujazwa na mtoto asiyechanjwa.

Kuna jambo jingine ambalo sijasikia likisemwa barazani. Kamba na sindano vinategemeana. Mbwa asiyewahi kufungwa hafikishwi kwenye kituo cha chanjo. Siku ile ndiyo anavishwa kamba kwa mara ya kwanza. Anajitupa chini, anazunguka, anamng'ata mwenye kamba, na akifika anakuta mbwa arobaini asiowajua. Wengi hurudishwa nyumbani bila kuchomwa. Mbwa aliyezoeshwa tangu wiki ya nane, kwa dakika tano hadi kumi kila siku akipewa kitu cha kula akiwa kwenye kamba, huja ametulia, na kazi ya mchanjaji inakuwa ya nusu dakika.

Na mbwa aliyemng'ata mtu afanyweje? Kanuni ni kumweka mahali pamoja na kumwangalia kwa siku 10. Mbwa mwenye kirusi kwenye mate huonyesha ugonjwa na kufa ndani ya muda huo. Akiwa mzima baada ya siku 10, hakuwa na uwezo wa kuambukiza siku ile aliyong'ata. Aliyeumwa asisubiri siku hizo. Aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili, aende hospitali siku ile ile aanze chanjo, na daktari ndiye atakayesema kama zilizobaki zisimamishwe. Asitie pilipili, majivu wala mafuta ya taa. Lakini pasipo banda la chuma, na kamba ikiwa marufuku, siku 10 hizo haziwezekani. Mbwa atapigwa rungu jioni ile, atafukiwa, na hakuna atakayejua alikuwa na nini. Isipokuwa mbwa ambaye tayari anadenda, anayumba, anang'ata vijiti na hawezi kumeza: huyo asiguswe na mtu yeyote kwa kamba, watu watoke njiani na bwana mifugo aitwe, akifa, kichwa chake kipelekwe kupimwa na wenye glavu na ujuzi.

Kwa hiyo badala ya marufuku, Mhariri, pawe na kipimo kinachoandikwa na kinachoweza kukaguliwa na mtu mwenye futi kamba. Nitakieleza kwa urefu, kwa sababu hapa ndipo mbwa anapoishi au kufa.

Kamba isifungwe moja kwa moja shingoni. Pawe na ukanda wa ngozi au wa turubai wenye upana wa sentimita 2 au zaidi, unaopitisha vidole viwili baina yake na shingo. Kwa mbwa anayekua vidole hivyo vipimwe kila wiki. Kitanzi kinachojikaza kiwe marufuku kabisa, na waya vilevile. Hapo naungana moja kwa moja na watetezi wa wanyama. Uzito wa mnyororo na vifaa vyake usizidi sehemu moja ya nane ya uzito wa mbwa. Mbwa wetu wengi wana kilo 12 hadi 20, kwa hiyo mnyororo wa nanga ya mashua, ambao huonekana sana pwani, umepita kiasi mara nyingi. Baina ya ukanda na kamba pawe na kiungo kinachozunguka. Bila kiungo hicho, mbwa akizunguka mara thelathini kamba inajisokota, inafupika, mwishowe kichwa kinabanwa kwenye mti.

Lakini bora kuliko kigingi ni waya wa kutelezea, na gharama yake ni ndogo. Tafuta miti miwili, minazi au mikarafuu, iliyoachana mita 8 hadi 10. Funga waya wa chuma uliosukwa, unene wa milimita 4 au 5, kwa urefu wa mita 2 kutoka chini, na ukaze usilegee katikati. Kabla ya kufunga upande wa pili, pitisha pete ya chuma. Kisha weka vizuizi viwili, fundo la waya au kipande cha bomba kilichobanwa, mita 1 na nusu kabla ya kila mti. Kizuizi hiki ndicho watu wanachokisahau, na bila yake mbwa hufika kwenye mti, akauzunguka, na asubuhi unamkuta amejinyonga. Kutoka kwenye pete shusha kamba ya mita 2 hadi 2 na robo. Jaribu kwa macho yako: mbwa aweze kulala akiwa ameweka kidevu chini, lakini kamba isibaki chini ikamnasa miguu. Pasiwe na ukuta, jiwe kubwa wala shina la kupanda ndani ya njia yake, kwa sababu akiruka upande wa pili kamba humning'iniza. Waya ukaguliwe kila mwezi, ufukweni kila wiki mbili. Kutu huanza kwenye mafundo.

Mpangilio huo unampa mbwa njia ya mita tano na zaidi ya kukimbilia, na jirani anajua mpaka uko wapi. Mstari wote uwe mbali na njia ya watoto wa chuoni na ya mfereji wa maji. Watoto chini ya miaka 15 ni takriban asilimia 40 ya watu wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa. Pia mbwa aliyefungwa hana pa kukimbilia, kwa hiyo akirushiwa mawe hung'ata mapema zaidi kuliko aliye huru.

Kivuli kipimwe saa 7 mchana, kisipimwe asubuhi. Mti uliompa kivuli saa 3 humwacha juani adhuhuri, na mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Anapoa kwa kuhema tu. Joto lake la kawaida ni nyuzi 38 hadi 39. Likipita 41 ameanza kufa: ulimi mwekundu uliokolea, mate mazito, kuyumba, kisha kuanguka. Kipindi cha kaskazi, upepo ukikatika, nusu saa juani inatosha. Kibanda cha makuti cha mita 1 kwa 1 na nusu, kilichoinuliwa shubiri moja kutoka chini ili mvua ya masika isimlaze kwenye tope, kinatosha. Maji yawe lita 1 kwa siku kwa mbwa wa kilo 15, na mara mbili ya hapo wakati wa joto. Kifuu au sufuria hupinduliwa na kamba kabla ya saa 4. Kata dumu la lita 5, lizike nusu ardhini karibu na kizuizi cha waya, hapo haliendi popote. Kinyesi kiondolewe kila siku, na kama ni kigingi, kihamishwe kila wiki, kwa sababu mbwa anayelala mahali pamoja hujizungushia kupe na mayai ya minyoo, na udongo huo huo ndio watoto wanaochezea.

Saa zake? Kwenye kigingi yasizidi masaa manne kwa mfululizo. Kwenye waya anaweza kukaa usiku au mchana, ila si vyote viwili: afunguliwe alfajiri na jioni, mwenyewe akiwapo kondeni. Jike aliye kwenye joto, kwa wiki zile tatu, asifungwe nje kabisa. Madume huja kutoka shehia tatu, hupigana juu yake, naye hawezi kukimbia; vita hivyo vya kung'atana ndiyo njia nyepesi kuliko zote ya kirusi kupita. Banda lililofungwa, au kuhasiwa kabla hajafika hapo.

Ukaguzi ufanywe na bwana mifugo akiwa na sheha. Safari ya kwanza waonyeshe kwa vitendo, ya pili waonye kwa maandishi, ya tatu ndiyo iwe faini. Kamba iliyozama shingoni isingoje safari ya tatu. Mifugo si jambo la Muungano, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 ni ya Tanzania Bara, hivyo maneno haya yanapaswa kuandikwa na Baraza la Wawakilishi na mabaraza yetu ya miji na wilaya, kwa hali yetu.

Yote haya yatakuwa bure bilashi kama mlango wa baharini utabaki wazi. Kilichorudisha ugonjwa Pemba mwaka 2016 kilitoka ng'ambo. Mbwa anayevushwa awe amechanjwa angalau mwezi mmoja kabla, maana kinga huchukua wiki tatu hadi nne kujengeka, na kadi ikaguliwe Mkoani na Wete. Kazi ngumu iko bandari bubu, ambako mbwa wa kuwindia au mtoto wa mbwa wa zawadi hushushwa pamoja na mikungu ya ndizi na hakuna anayeuliza. Masheha wa pwani wapewe simu ya bwana mifugo na vibati vya akiba, na mbwa aliyeshushwa bila kadi achanjwe pale pale, afungwe kwenye waya kwa mwenyewe na aangaliwe. Pwani hapo asitozwe mtu hata shilingi moja, ili anayeshusha mbwa usiku asiwe na sababu ya kumficha chini ya turubai.

Wako,
Mhudumu wa afya ya mifugo,
Wete, Pemba